Kufundisha Joto na Halijoto Shule ya Msingi: Mwongozo Kamili wa Majaribio kwa Walimu wa Tanga

Walimu wengi wa Sayansi hulalamikia jambo moja. Wanafunzi hukariri vizuri kwamba joto ni aina ya nishati na kwamba halijoto hupimwa kwa kipimajoto, lakini wakiulizwa maji ya nyuzi 30 yakichanganywa na maji mengine ya nyuzi 30 yatakuwa na nyuzi ngapi, wengi hujibu 60 bila kusita. Wakiulizwa kama blanketi lina joto, hujibu ndiyo. Wakipewa mtihani baada ya marudio, hurudia makosa yaleyale.

Tatizo liko katika mpangilio wa somo. Kwa kawaida maana huandikwa ubaoni kwanza, mchoro wa kipimajoto hufuata, na maji huletwa darasani mwishoni kama muda umebaki. Mwanafunzi huingia darasani akiwa ameshajifunza joto kwa ngozi yake tangu alipozaliwa, na maandishi ya ubaoni hayawezi kuishinda ngozi hiyo. Mwongozo huu unaanza kwa kuonyesha mahali mkono unapokosea, ndipo kipimajoto kiingie, na maana iandikwe baada ya wanafunzi kuihitaji. Unafaa kwa Darasa la Nne hadi la Sita na usibanwe katika kipindi kimoja.

Nyuzi zote zinazotajwa hapa ni za Sentigredi. Mwalimu ambaye kitabu chake kinatumia neno jotoridi aelewe kwamba ndiyo halijoto inayozungumzwa hapa.

## Vifaa

- Vipimajoto vya maabara vyenye spiriti nyekundu, vinavyosoma kutoka chini ya 0 hadi 100 au 110. Viwili ni vya lazima. Kimoja kwa kila kundi la wanafunzi sita ni bora zaidi.
- Mabeseni matatu ya plastiki, ndoo ya lita 10, bakuli kubwa, na vikombe vya plastiki vya ukubwa mmoja, vya robo lita.
- Chupa mbili za chai zilizojazwa maji moto kabla ya kipindi.
- Barafu kilo tatu hivi. Mifuko ya maji ya nusu lita iliyogandishwa kwa jirani mwenye friza ndiyo rahisi, kwa sababu kila mmoja ni nusu kilo na hakuna haja ya mizani. Barafu ya wauza samaki wa soko la Deep Sea, Tanga, inafaa pia, ila vyombo vilivyoishika visitumiwe kunywea.
- Kijiko kikubwa cha chuma na mwiko wa mbao.
- Katani, makumbi ya nazi au kitambaa kizito.
- Mchanga mkavu wa pwani.
- Saa, nyundo ndogo au mchi, na vitambaa vya kukaushia meza.

Kipimajoto cha hospitali kisitumike kabisa katika majaribio haya. Kimetengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu, kwa kawaida kikisoma kati ya nyuzi 35 na 42, na kikitumbukizwa katika maji ya moto sana kinaweza kupasuka. Kile cha zamani chenye zebaki ni hatari zaidi, kwa kuwa mvuke wa zebaki ni sumu. Kama shule bado ina vipimajoto vya zebaki kabatini, vibaki huko.

Maji yachemshwe nje ya darasa. Jiko la mkaa ndani ya chumba hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watoto arobaini katika chumba kimoja si mahali pa kujaribu bahati. Chupa za chai zishikwe na mwalimu peke yake, na maji yoyote yanayozidi nyuzi 50 yasifike mikononi mwa mwanafunzi.

## Hatua ya 1: Kagua vipimajoto kabla ya kuingia darasani

Pondaponda barafu, itie kikombeni, ongeza maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza vipimajoto vyote kwa pamoja. Baada ya dakika tatu vinapaswa kusoma 0 au karibu na hapo. Kisha viweke katika maji yanayotokota. Katika mji wa Tanga, ambao uko usawa wa bahari, vinapaswa kusoma karibu na 100.

Mwalimu aliye Lushoto asivitupe vipimajoto vyake akiona 95. Mji huo uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa hupungua kadiri unavyopanda, maji huchemka kabla ya kufika 100.

Kipimajoto kinachokosea kwa nyuzi moja au mbili kibandikwe karatasi yenye maelezo, kwa mfano "toa 1". Kinachokosea zaidi ya hapo, au ambacho uzi wake wa spiriti umekatika katikati, kiwekwe kando. Ukaguzi huu huchukua dakika kumi na huokoa kipindi kizima, kwa sababu hakuna kinachoharibu imani ya watoto katika upimaji kama makundi mawili yanayosoma nyuzi tofauti katika beseni moja.

## Hatua ya 2: Onyesha kwamba mkono hauaminiki

Andaa mabeseni matatu kabla wanafunzi hawajaingia. La kwanza liwe na maji na vipande vya barafu. La kati liwe na maji ya bomba yaliyokaa chumbani. La tatu liwe na maji ya vuguvugu ya nyuzi 40, yasizidi 42. Wanafunzi wasione ukiandaa, kwani wakiona watajibu kwa kukisia badala ya kuhisi.

Mwite mwanafunzi mmoja. Aweke mkono wa kushoto katika maji ya barafu na wa kulia katika maji ya vuguvugu kwa nusu dakika, kisha mikono yote miwili aihamishie beseni la kati kwa wakati mmoja. Muulize: maji haya ni ya moto au ya baridi? Atasita, na wengine watamcheka. Waache wacheke, halafu wafuate mmoja mmoja.

Sababu ya kisayansi ni kwamba ngozi haina uwezo wa kusoma nyuzi. Inachohisi ni kama joto linaingia au linatoka, na kwa kasi gani. Mkono uliopoa unapokea joto kutoka maji ya kati, kwa hiyo unasema ni ya moto. Mkono uliopashwa unapoteza joto katika maji hayohayo, kwa hiyo unasema ni ya baridi. Usiyaeleze haya mapema. Yaandike ubaoni majibu mawili yanayopingana, "moto" na "baridi", na uyaache hapo.

Hatua imefanikiwa pale mwanafunzi mwenyewe anapodai njia nyingine ya kuamua. Kama darasa limeridhika na majibu mawili, rudia na watoto wengine, usikimbilie kipimajoto.

Angalizo: mtoto mwenye kidonda mkononi asishiriki, na mkono usikae kwenye barafu zaidi ya dakika moja.

## Hatua ya 3: Fundisha kusoma kipimajoto

Chora ubaoni kipande cha skeli, kikubwa, kuanzia 20 hadi 40, na uwaulize wanafunzi kuna nafasi ngapi ndogo kati ya 20 na 30. Vipimajoto vingine vina nafasi kumi, kila moja ikiwa nyuzi 1. Vingine vina tano, kila moja ikiwa nyuzi 2. Mwanafunzi anayehesabu kila nafasi kuwa 1 bila kuangalia atakosea katika aina ya pili, na kosa hili ndilo linalojirudia zaidi kuliko yote katika usomaji.

Baada ya hapo kuna kanuni nne, na kila moja ina sababu yake. Balbu, yaani ncha ya chini yenye akiba ya spiriti, izame yote majini, kwa sababu sehemu iliyo nje inapima hewa. Balbu isiguse sakafu wala ukuta wa chombo, kwa sababu chombo kinaweza kuwa na halijoto tofauti na maji. Msomaji asubiri hadi uzi wa spiriti utulie, kwa sababu kipimajoto chenyewe lazima kwanza kifikie halijoto ya maji. Jicho liwe sawa na ncha ya uzi, na kipimajoto kisitolewe majini wakati wa kusoma; mtoto hupenda kukiinua na kukisogeza usoni, na uzi unaanza kubadilika papo hapo.

Kila kundi lipime beseni la kati. Wanafunzi watatu wasome kwa zamu, kila mmoja aandike kimya daftarini, ndipo walinganishe. Wakitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 1, tazama macho yao yako wapi kabla ya kulaumu kifaa. Wakikubaliana, rudi ubaoni kwenye majibu "moto" na "baridi", na uandike chini yake nyuzi walizozipata. Hapo ndipo mahali pa kuandika maana ya kwanza: halijoto ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo cha moto au cha baridi, na husomwa kwa kipimajoto.

## Hatua ya 4: Kijiko cha chuma na mwiko wa mbao

Acha kijiko na mwiko mezani usiku kucha, mbali na dirisha linaloingiza jua. Asubuhi waulize wanafunzi wavishike na waseme kipi kina halijoto ndogo. Karibu wote watachagua chuma.

Sasa funga balbu ya kipimajoto kimoja kwenye kijiko na ya kingine kwenye mwiko, zungushia kitambaa ili hewa isiingilie, na usubiri dakika kumi. Vitasoma sawa. Chuma kinaonekana cha baridi kwa sababu kinaondoa joto la kiganja haraka. Mbao inaliondoa polepole. Wanafunzi waliofanya jaribio la mabeseni wanaweza kulifikia jibu hili wenyewe ukiwauliza tu: mkono unahisi nini hasa?

Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi havitaji jambo linaloliharibu jaribio hili katika mwambao wetu. Ngozi ya kiganja ina takriban nyuzi 33. Mchana wa Januari au Februari hapa Tanga, chumba chenye paa la bati kinaweza kufika hapo, na hakuna joto linalotoka mkononi kwenda kwenye kijiko wala kwenye mwiko. Mtoto atasema vyote ni sawa, na mwalimu atadhani jaribio limemshinda. Lifanye kipindi cha kwanza asubuhi, na kama ratiba inaruhusu, kati ya Juni na Agosti. Pasipowezekana, tia kijiko na mwiko katika mfuko wa plastiki usioingiza maji, uzike mfuko huo kwenye barafu kwa nusu saa, kisha uendelee kama ilivyoelezwa, huku mfuko ukibaki ndani ya barafu wakati wa kupima.

## Hatua ya 5: Kuchanganya maji

Hatua hii ndiyo inayoondoa jibu la 60. Kanuni yake ni moja: hakuna maji yanayomiminwa kabla ya kila mwanafunzi kuandika utabiri wake daftarini kwa kalamu ya wino. Mtoto asiyetabiri huona matokeo na kusema alijua.

Tayarisha maji ya bomba, ambayo hapa mara nyingi huwa karibu nyuzi 28, na maji ya nyuzi 48. Sehemu moja ya maji ya chupa ya chai kwa sehemu mbili za maji ya bomba hukaribia hapo. Rekebisha kwa kipimajoto. Kisha fanya michanganyiko hii kwa mpangilio huu:

1. Kikombe kimoja cha 28 na kikombe kingine cha 28. Matokeo: 28.
2. Kikombe kimoja cha 28 na kimoja cha 48. Matokeo: karibu 38.
3. Vikombe vitatu vya 28 na kimoja cha 48. Matokeo: karibu 33.
4. Kikombe kimoja cha 28 na vitatu vya 48. Matokeo: karibu 43.

Usiruke mchanganyiko wa kwanza kwa kuuona ni rahisi mno. Ndio unaowashtua wale waliotarajia 56, na mshtuko huo ni wa thamani kuliko maelezo yoyote.

Katika mchanganyiko wa pili hadi wa nne, matokeo halisi yatakuwa chini kidogo ya tarakimu zilizoandikwa hapo juu, pengine kwa nyuzi 1 au 2, kwa sababu chombo na hewa huchukua sehemu ya joto. Mwalimu asirekebishe tarakimu za watoto ili zilingane na za kitabu. Awaulize joto lililopotea limekwenda wapi, kisha waguse nje ya chombo.

Mwanafunzi ameelewa anapoweza kusema, kabla ya kumimina mchanganyiko mpya ambao hajauona, kwamba halijoto itakuwa katikati ya zile mbili na itaegemea upande wenye maji mengi. Hesabu kamili si lazima katika umri huu. Neno "itaegemea" likitoka kinywani mwake lenyewe, songa mbele.

## Hatua ya 6: Tenganisha joto na halijoto kwa barafu

Ni hatua hii ambayo walimu wengi huiacha, na bila hiyo somo zima linabaki kuwa somo la kipimajoto. Mwanafunzi sasa anaijua halijoto, lakini bado anaamini kwamba kitu chenye nyuzi nyingi ndicho daima chenye nishati nyingi ya kutoa.

Katika ndoo tia lita nne na nusu za maji ya bomba na nusu lita ya maji yaliyotoka kuchemka. Utapata lita tano za nyuzi 35 hivi. Katika bakuli tia kikombe kimoja tu cha maji ya nyuzi 50. Wanafunzi wapime vyote viwili na waandike. Kisha waonyeshe mifuko miwili ya barafu, kila mmoja nusu kilo, na uwaulize: nikitia mfuko mmoja bakulini na mwingine ndooni, barafu itayeyuka yote wapi?

Wengi watachagua bakuli, kwa kuwa 50 ni kubwa kuliko 35. Waache waandike hivyo. Ikiwezekana darasa ligawanyike pande mbili na kila upande utetee jibu lake, maana mabishano haya ndiyo yanayowafanya watazame.

Pondaponda barafu yote ndani ya mifuko yake ili vipande viwe vidogo na kazi isichukue kipindi kizima. Mimina kwa wakati mmoja na koroga vyote viwili bila kusita. Ndani ya dakika chache barafu ya ndooni itakuwa imekwisha, na kipimajoto kitasoma karibu nyuzi 24. Bakulini maji yatashuka hadi karibu na 0, na zaidi ya nusu ya barafu itabaki ikielea.

Kwa faida ya mwalimu, hesabu yake ni hii. Kilo moja ya maji hutoa kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha nishati) kwa kila nyuzi 1 inayoshuka, na kilo moja ya barafu iliyo katika nyuzi 0 huhitaji kilojuli 334 ili iyeyuke. Robo lita ya maji ikishuka kutoka 50 hadi 0 hutoa kilojuli 52.5 tu, zinazotosha kuyeyusha gramu 157 hivi. Lita tano zikishuka kutoka 35 zina kilojuli 735 za kutoa, na nusu kilo ya barafu inahitaji 167 tu. Watoto hawahitaji tarakimu hizi. Wanahitaji kuona bakuli lenye nyuzi nyingi likishindwa mbele ya macho yao.

Chagua maneno kwa uangalifu katika kueleza. Ni sahihi zaidi kusema ndoo "ina nishati nyingi ya kutoa" kuliko kusema "ina joto jingi", kwa sababu katika fizikia joto ni nishati inapohama kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo. Watakapofika sekondari hawatalazimika kubomoa walichojengewa. Maana ya pili sasa iandikwe ubaoni: joto ni nishati inayohama kwa sababu ya tofauti ya halijoto, na kiasi chake hutegemea pia wingi wa kitu.

Jaribio hili likishindikana, chanzo karibu kila mara ni kimojawapo kati ya viwili: barafu ilitiwa ikiwa bonge zima, au maji ya bakulini yalizidi kikombe kimoja.

## Hatua ya 7: Blanketi, katani na mchanga

Majaribio mawili mafupi yanatosha hapa.

La kwanza ni la kuzuia joto lisihame. Chukua vipande viwili vya barafu vinavyolingana. Kimoja kiache wazi kwenye sahani, kingine kifunge ndani ya mfuko wa plastiki na ukizungushie katani au makumbi kwa unene wa vidole vitatu. Watoto wanaoamini blanketi lina joto watasema kilichofungwa kitayeyuka kwanza. Baada ya nusu saa fungua. Kilichofungwa kitakuwa kikubwa zaidi, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi za katani hupitisha joto polepole sana, na joto la chumbani limechelewa kuingia. Kufunga katani kwa kuikaza mno hupunguza hewa hiyo na huharibu tofauti.

La pili lifanyike nje. Jaza beseni moja mchanga mkavu na jingine maji, uyaweke juani saa moja, kisha upime karibu na juu ya kila moja, balbu ikiwa imefunikwa kidogo na mchanga upande mmoja na maji upande wa pili. Mchanga utasoma nyuzi nyingi zaidi. Mtoto wa Raskazone, ufukweni Tanga, aliyewahi kutembea pekupeku mchana hatashangaa, lakini muulize upepo wa alasiri unatoka wapi. Nchi kavu ikipata moto kuliko bahari, hewa iliyo juu yake hupanda na ya baharini huingia kuchukua nafasi.

## Hatua ya 8: Pima uelewa kwa maswali yasiyokaririka

Usiulize "joto ni nini". Uliza maswali yafuatayo, mdomoni au kwa maandishi, na kila jibu lifuatwe na "kwa nini":

- Sufuria moja ina maji ya nyuzi 80. Ukiyagawa katika vikombe viwili vinavyolingana, kila kikombe kitakuwa na nyuzi ngapi mara baada ya kugawa?
- Ubao na mguu wa chuma wa dawati vimekaa kivulini tangu jana. Kipi kina halijoto kubwa?
- Kikombe cha chai ya moto na bahari ya Raskazone: kipi kina halijoto kubwa, na kipi kina nishati nyingi zaidi ya kutoa?

Anayejibu 40 katika swali la kwanza arudishwe Hatua ya 5, lakini kwa kinyume chake: agawe maji mwenyewe na apime. Anayechagua ubao katika swali la pili hakuwa makini katika jaribio la kijiko, au alilifanya mchana wa joto kali, alirudie asubuhi. Swali la tatu likijibiwa "chai" kwa sehemu zote mbili, rudia jaribio la barafu, na safari hii mwanafunzi huyo ndiye ashike mwiko wa kukorogea ndoo.